Buluu kwa Macho Makavu

Kwangu Mabatini udongo ni wa kubahatisha:
chepe likishuka viganja viwili linalia ng'aa!
juu ya jiwe. Majabali ndiyo yaliyotangulia,
sisi na bati zetu tumekuja kujibanza.

Nilinunua miche mitatu kwa Masalu, barabara ya Nyegezi.
"Salvia," alisema, akiivutavuta, "sa-li-vi-a.
Hii si ya msimu, fundi. Hii itakuzika."

Wa kwanza niliuua kwa mapenzi.
Maji asubuhi, maji jioni, samadi debe zima
kutoka kwa shemeji yangu, Misungwi.
Ukanenepa majani, ua hata la dawa sikuliona;
kisha mizizi ikaoza, shina likalala
kama mtu aliyeshiba na hana kazi.
Wa pili, kuku. Sina la kusema.
Wa tatu niliuchomeka kwa hasira kwenye ufa wa jabali,
jua linapopiga tangu saa moja
hadi lizame upande wa ghuba,
kokoto tupu na vumbi la mawe.
Nikauacha. Nilikuwa na mageti ya kuchomelea.

Huijui buluu
mpaka uwe umeyakataza macho yako miaka ishirini na sita.
Waya unapogusa chuma, pale katikati
pana buluu moja, imekuwa nyeupe kwa ukali,
nzuri kuliko chochote nilichowahi kukitengeneza,
na kila mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza: usiitazame.
Niliitazama mara moja, ujanani, bila kioo.
Usiku kucha mchanga ndani ya kope,
mke wangu akinibandika vipande vya viazi.

Basi asubuhi moja ya Juni
natoka na mswaki mdomoni,
na pale kwenye ufa, buluu.
Vikonyo saba wima, vimejaa midomo midogo iliyo wazi,
nyuki wakisubiri zamu.
Chozi (yule ndege, si lile la jicho)
akaning'inia kichwa chini, akanywa.
Nikachuchumaa. Nikatazama.
Bila barakoa, bila kioo, macho makavu.
Haikunichoma.

Nkwimba, jirani, akachungulia juu ya senyenge:
"Inaliwa?"
Hapana.
"Inatibu?"
Sijui.
"Sasa hapo inafanya nini?"
Nikasugua jani, nikamnusisha.
"Kivumbasi kilichosoma shule," akasema.
Nikamwonyesha shina: pembe nne kamili,
kama bomba ninalokatia madirisha.
Akacheka, akarudi kwa dagaa wake.

Maua yalipochoka nilichukua mkasi.
Masalu alikuwa ameniambia: kata, usihurumie,
bakiza vidole vinne.
Mkono huu uliozoea nondo ulitetemeka.
Nikakata.
Wiki ya tatu, machipukizi, palepale penye kovu.
Chuma hakifanyi hivyo. Chuma ukikikata kimekatika,
mpaka ukirudie na moto.

Vile vijiti nilivyokata nilivilaza juu ya jabali nivitupe.
Kesho yake vimepungua viwili.
Sikuuliza.

Vuli ikaja. Wadudu wa ziwa wakapanda kama moshi,
wakatua kwenye nguo zilizoanikwa, wakapita.
Ndipo nikaona, mlangoni kwa Nkwimba, kopo la rangi,
limetobolewa chini kwa msumari, sawasawa,
limewekwa juani kabisa, mbali na ndoo ya maji,
na ndani yake majani manne, kijani cha mvi.
Yeye yupo kizingitini, anachambua dagaa, haniangalii.

"Inafanya nini hapo?" nikamuuliza.

"Nyamaza wewe," akasema. "Inaanza."